Kwa akina mama wa Dodoma wenye mabinti waliovunja ungo

Wanangu wa Makole, Chang'ombe, Kikuyu, nanyi mlio Chamwino na Kongwa,

Nimekuwa mkunga hadi nikastaafu, lakini kosa hili, la kupuuza dalili zinazoweza kuwa za PCOS (hali ya homoni za mwanamke kuvurugika), nililifanya nyumbani kwangu. Mjukuu wangu alikuwa na miaka 16, shingo nyuma nyeusi kama imepakwa masizi. Nikamsugua kwa dodoki na sabuni ya mche hadi akalia. Haukuwa uchafu. Ngozi ikiwa nyeusi na nene namna ile, mara nyingi mwili haupokei vizuri insulini, homoni inayosaidia kutumia sukari. Baadaye, nikitandika kitanda chake, nikakuta wembe umeviringishwa kwenye karatasi ya daftari chini ya godoro. Alikuwa akinyoa kidevu alfajiri, sisi tumelala. Hedhi alikuwa hajaiona miezi minne. Nami nikamwambia, "Ukizaa itakaa sawa." Msiwaambie hivyo, nawasihi.

Mwaka wa kwanza tangu avunje ungo, siku kurukaruka ni kawaida. Baada ya hapo hesabuni, tangu siku ya kwanza ya hedhi hadi ya kwanza ya inayofuata. Hadi mwaka wa tatu, isiwe chini ya siku 21 wala zaidi ya 45. Ikishapita miaka mitatu, mwisho ni 35. Ikipita siku 90 hata mara moja, au akifika miaka 15 hajaona kabisa, mpelekeni hospitali na kalenda yake.

Ili daktari aseme binti ana PCOS, lazima aone mambo mawili kwa pamoja: mzunguko uliovurugika, na homoni za kiume zilizozidi, kwa ndevu, chunusi kali au kipimo cha damu. Kwanza aondoe shaka ya tezi ya shingo, ya prolaktini (homoni ya maziwa), na ya mimba. Kipimo cha mimba msikionee aibu. Dalili ikiwa moja tu, binti hufuatiliwa na kupimwa tena baadaye.

Lililoniuma zaidi ni utrasaundi. Kwenye kituo kimoja mjukuu wangu aliambiwa ana vivimbe kwenye ovari (viungo vya mayai), hatazaa. Wiki nzima hakula vizuri. Vifuko vingi vidogo kwenye ovari za binti ni kawaida ya umri wake. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unakataza kutumia picha hiyo kuthibitisha PCOS kabla ya miaka 8 tangu avunje ungo. Na wengi wenye hali hii huzaa, wengine kwa msaada wa dawa.

Kabla ya kwenda hospitali, kaeni na binti faragha, mumwulize taratibu. Mimi wangu nilianza kwa kumwomba radhi kwa lile dodoki, ndipo akanionyesha kidevu.

Bibi yenu, Makole