Swali la utafiti lisitungwe na taaluma moja

Mhariri,

Pakizuka ugonjwa, habari yake huwekwa ukurasa wa afya na anayehojiwa ni daktari. Mafuriko yaliyoutangulia ugonjwa huo yalishaandikwa wiki kadhaa nyuma, ukurasa wa mazingira. Familia zilizohamia bondeni kwa kukosa pa kuishi, zikitajwa, hutajwa kwingine kabisa. Msomaji anapewa habari tatu, kumbe ni moja. Silaumu gazeti lako. Watafiti wenyewe ndio waliotangulia kujigawa hivyo, na mgawanyo huo umeshagharimu maisha ya watu wengi mno.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Bangladesh. Miaka ya 1970 watoto walikuwa wakifa kwa kuhara na kipindupindu kutokana na maji ya mabwawa na mito. Serikali na mashirika ya misaada, UNICEF likiwa mstari wa mbele, wakahimiza visima vya pampu ya mkono. Kwa jicho la afya ya umma wazo lilikuwa zuri, maana maji ya ardhini huwa yamesalimika na vijidudu vya kinyesi. Visima vikafikia mamilioni, vingi vikichimbwa na wenye nyumba kwa fedha zao. Lakini aseniki, sumu ya asili inayopatikana ardhini, haikupimwa, kwa kuwa haikuwemo katika vipimo vya kawaida vya wakati ule.

Mwaka 1993 ikathibitishwa kuwa maji ya visima hivyo yana sumu hiyo. Mwaka 2000 makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa katika hatari ya kuinywa, na ikaeleza kuwa hapajawahi kutokea katika historia sumu iliyowapata watu wengi kiasi hicho. Wanajiolojia walipofuatilia, waliikuta aseniki ndani ya mashapo yaliyoshushwa na mito kutoka Himalaya. Chini huko kusiko na oksijeni, bakteria huyeyusha kutu ya chuma iliyoishikilia, nayo ikaachiwa ndani ya maji. Ndiyo maana visima viwili vya majirani vinaweza kutofautiana sana, na vile virefu zaidi mara nyingi ni salama. Ujuzi wa aina hiyo ulihitajika siku ya kuamua kina cha kuchimba. Uliitwa baada ya mabaka kuwatoka watu kwenye viganja na nyayo.

Na hata hapo mambo hayakwisha. Visima vilipimwa, vyenye sumu vikapakwa rangi nyekundu na salama vikapakwa kijani. Mkemia kazi yake ameimaliza vizuri. Sasa mama ambaye kisima chake ni chekundu aende kwa jirani mara ngapi kwa siku? Jirani huyo wanasemezana? Mabinti wenye mabaka walikosa wachumba kwa sababu wapo waliodhani ugonjwa huo unaambukiza au ni laana. Ukitaka kujua kwa nini mtu anaendelea kunywa maji anayojua yana sumu, maabara haitakuambia. Inabidi ukae naye.

Nchi hiyo hiyo ina habari nyingine, na hii hunipa moyo. Rita Colwell, mtaalamu wa bakteria wa Marekani, alikuwa amefuatilia kwa miaka mingi jinsi kijidudu cha kipindupindu kinavyoishi katika maji ya asili, kikiwa kimejishikiza kwenye vijinyama vidogo vya majini. Kijidudu chenyewe ni kidogo mno, huwezi kukichuja kwa kitambaa. Ila kile kinyama kinachokibeba kinachujika! Yeye na wenzake wa Bangladesh wakachukua kitu kilichomo katika kila nyumba, sari iliyochakaa, wakaikunja angalau mara nne na kuchujia maji. Iliyochakaa ni bora kuliko mpya, kwani kufuliwa mara nyingi huzilegeza nyuzi na kuyapunguza matundu. Katika vijiji 65, kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Baada ya miaka mitano watafiti walirudi kuangalia. Asilimia 31 ya wanawake walioulizwa walikuwa bado wanachuja. Hapo pana ekolojia, pana tiba, na pana heshima kwa kile ambacho akina mama walikuwa nacho mkononi.

Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata pia watu, nayo inafundisha. Baada ya mlipuko mkubwa wa 1997 na 1998, uliofuata mvua za El Niño, watafiti walionyesha kwamba joto la bahari na picha za satelaiti zinazopima ukijani wa nchi zinaweza kutabiri ugonjwa. Mvua kubwa hujaza mabonde, mayai ya mbu yaliyolala ardhini na virusi ndani yake huanguliwa, mifugo huharibu mimba, kisha watu huugua. Mwaka 2006 tahadhari ilitolewa mapema, wiki kadhaa kabla ya ugonjwa kuthibitishwa kaskazini mashariki mwa Kenya. Lakini watafiti walipokuja kuwahoji wafugaji wa Kisomali baadaye, walikuta nao wana jina la ugonjwa huo, sandik, yaani kutoka damu puani, na walishazisoma dalili katika mvua, wingi wa mbu na hali ya mifugo yao kwa wakati usiopitwa na mitambo. Satelaiti ilikuwa na njia ya kufikisha ilichokiona. Mfugaji hakuwa nayo.

Niseme hapa ninaandika nikiwa nani. Mimi si profesa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkusanya takwimu, yule anayebisha hodi na dodoso mkononi. Katika utafiti mmoja wa maradhi ya kifua niliuliza umri, uvutaji sigara, muda wa kikohozi. Mama mmoja akaniambia kikohozi cha wanawe huzidi usiku, upepo ukitokea upande wa jalala linalochomwa moto. Dodoso halikuwa na nafasi ya jibu hilo. Nikaliandika pembeni. Nilipouliza baadaye, nikaambiwa maandishi ya pembeni hayaingizwi kwenye kompyuta. Dodoso lile lilitungwa na madaktari wazuri, watu ninaowaheshimu, ila miongoni mwao hakuwemo aliyezoea kupima hewa, wala aliyezoea kuwasikiliza watu bila kuwakatisha. Lile neno la mama halijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo ninapotetea utafiti wa taaluma mtambuka, sizungumzii ripoti ndefu yenye sura ya daktari, sura ya mtu wa mazingira na sura ya mtu wa jamii, zilizobanwa pamoja kwenye jalada moja. Nazungumzia kuketi pamoja kabla swali halijatungwa na kabla bajeti haijafungwa. Utaratibu uliozoeleka ni kumwita mwanasayansi ya jamii mwishoni, mambo yanapokwama, ili "aelimishe wananchi". Ni kumdharau yeye na kuwadharau wananchi.

Ebola ya Afrika Magharibi, iliyoua zaidi ya watu 11,000 kati ya 2014 na 2016, ilionyesha gharama ya kuchelewa huko. Maiti zilichukuliwa bila ndugu kuaga kwa namna waijuayo, na wapo waliozika kwa siri. Wanaanthropolojia, yaani watafiti wa mila na maisha ya watu, na viongozi wa dini walipokaa na wataalamu wa maambukizi, Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo, Novemba 2014, wa mazishi salama na yenye heshima. Ndugu washirikishwe, sala isomwe, maiti ya Mwislamu itayamamishwe bila maji. Virusi havikubadilika. Kilichobadilika ni nani alikuwa kikaoni.

Wapo wanaohofu kwamba kuchanganya taaluma kutazaa watu wanaojua kidogo cha kila kitu. Hofu hiyo naielewa. Bila mkemia aliyebobea aseniki isingegundulika, na bila Colwell kuzama miongo katika jambo moja, sari ingebaki nguo tu. Kila mmoja abaki na kina chake. Ugumu uko kwenye kuelewana, na huo unahitaji muda ambao wafadhili hawapendi kuulipia. Chukua neno "hatari". Mtaalamu wa sumu akilitamka ana maana ya kiasi kilichoingia mwilini na uwezekano wa kudhuru baada ya miaka. Mama mwenye ndoo tupu ana maana ya jioni ya leo. Watu wawili wanaweza kufanya mkutano mzima wakitumia neno hilo na wasikutane hata mara moja. Tena mtafiti kijana anayekubali kutumia mwaka mzima kujifunza lugha ya wenzake hurudi chuoni akakuta waliobaki ndani ya mipaka yao wamechapisha makala tatu na kupandishwa cheo.

Mwaka 2022 mashirika manne ya kimataifa, yaani ya afya ya binadamu, afya ya wanyama, chakula na kilimo, na mazingira, yalitoa mpango wa pamoja wa Afya Moja, yaani kuitazama afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira kama kitu kimoja. Nimefurahi. Hata hivyo, kwa ninavyoona, daktari wa watu na daktari wa mifugo ndio waliokwisha kuzoeana, na mtu wa jamii bado yuko mlangoni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na linawezekana kuanzia toleo lijalo. Mwandishi wako anapopelekewa matokeo ya utafiti kuhusu maji, hewa au mlipuko wa maradhi, pamoja na kuuliza umegundua nini, aulize pia nani alilitunga swali, nani alialikwa baadaye, na wale waliohojiwa majumbani walisema nini ambacho dodoso halikuwa na nafasi yake. Majibu hayo yachapwe ukurasa mmoja na takwimu.

Msomaji wako,
Mkusanya takwimu za utafiti