Utingo si tajiri

Mhariri,

Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za kampuni hapa Arua. Tangu zitoke kanuni za wamiliki halisi za mwaka 2023, kila kampuni inatakiwa kuiambia URSB, ofisi ya serikali ya Uganda inayosajili kampuni, ni mtu gani hasa anayeimiliki na kula faida yake.

Majuzi nililetewa kijana, utingo wa lori, aandikwe mmiliki wa kampuni ya usafirishaji. Kitambulisho chake, sahihi yake. Namba ya simu ya mtu mwingine. Nikamwuliza ana hisa ngapi. Akamtazama aliyemleta. Nilikataa, wakaenda dirisha la pili (hawakukawia huko).

Uganda ilitolewa Februari 2024, baada ya miaka minne, kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa pesa; ni orodha ya nchi zenye udhaifu katika kuzuia pesa chafu. Vyema. Lakini majina ya kuazima yataturudisha.

Faini au kusimamishwa kwa leseni kusisubiri kesi ya mahakamani, na kumpate aliyemkabidhi utingo kalamu, siyo mwenye duka aliyechelewesha fomu tu. Msajili aanze na jambo dogo: aulize benki ni nani anayetia sahihi ya kutoa pesa.

Mjaza fomu,
Arua