Risala ya sisi watunza wagonjwa kwa Mheshimiwa Mbunge wa Jimbo, Minnesota, Novemba 2025

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu kwenye Bunge la Jimbo la Minnesota, Baba Mchungaji na Mama Mchungaji mliotuazima ukumbi bila kutudai hata senti ya hita, mwenyekiti wetu, wazee, akina mama, vijana, na nyie watoto mliokalia makoti ya watu huko nyuma, Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, na waliobaki habari za jioni.

Kabla sijaanza, Mheshimiwa, kijana aliyekaa kushoto kwako ndo mkalimani. Kiswahili chako tunajua kinaishia kwenye jambo na asante sana, sasa ukiona anakunong'oneza maneno matamu kupita uso wangu ujue anakupunguzia makali, na tutaongea naye baadae.

Kikundi chetu tulianza watu tisa jikoni kwa mtu, leo tumejaa ukumbi. Wengi ni wa kutoka Kenya, Watanzania tupo, ndugu zetu wa Kongo wapo wengi tu. Kazi yetu ni moja, kutunza wazee na walemavu, wengine majumbani kwao, wengine kwenye zile nyumba za watu wanne watano, na wachache wetu wamejikamua wakafungua nyumba zao wenyewe. Kule nyumbani wanasema tuko Marekani tunabeba boksi, lakini boksi letu lina pumzi, linaumwa usiku, linakuita jina la binti yake aliyekufa na wewe unaitika tu.

Mheshimiwa, tumekualika kwa sababu kila mkutano wako unasema mambo matatu, wizi wa pesa za serikali, kodi, na matibabu, na unasema yote ni mfuko mmoja. Tumekaa tukalijadili hilo tukaona ni kweli, ila tunaomba uuangalie huo mfuko kutokea chini, tulipo sisi, manake huko chini ndo umetoboka na huko chini ndo tunakula.

Nianze na wizi, na sitauzunguka. Lile shauri la Feeding Our Future, shirika la hapa Minnesota, lililofunguliwa Septemba 2022, wizi wa dola milioni 250 za chakula cha watoto wakati wa korona, washtakiwa sasa wameshapita 70, lilituumiza sisi wahamiaji, manake sasa wote tunatazamwa kama wezi, kuliko mtu yeyote anavyofikiria. Halafu 2024 kesi ikiwa inaendelea mtu akapeleka dola 120,000 taslimu kwenye mfuko wa zawadi nyumbani kwa mmoja wa wazee wa baraza, wale raia wanaoamua kesi mahakamani, yule mama akapiga 911, akaita polisi. Mfuko wa zawadi! Kesho yake mimi nimeingia shifti, mtoto wa mgonjwa wangu akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, hakusema kitu, ila dawa za mama yake akazihesabu mara mbili mbele yangu. Miaka mitatu nilikuwa naingia nyumba ile.

Alafu ikaja ile huduma ya kuwasaidia walemavu na wazee kupata nyumba, ya Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huduma hiyo ilianza 2020 ikikadiriwa itakula dola milioni 2.6 kwa mwaka, kufika 2024 imelipa zaidi ya milioni 100 kwa mwaka mmoja. Juzi tarehe 31 Oktoba imefungwa kabisa. Sasa hapa nataka nikwambie kitu ambacho sisi tulikiona kabla ya wakaguzi wako. Kuna mtu alikuja hapa hapa, kwenye maegesho ya magari ibada imetoka, koti zuri, anagawa kadi, anawaambia akina mama mnamjua mtu yeyote mwenye bima ya serikali, nileteeni jina na namba yake tu, kila mwezi kuna kitu chenu. Mama mmoja wetu akamuuliza huyo mtu mtamfanyia nini? Akajibu hilo tuachie sisi. Yule mama akarudisha kadi. Wengine hawakurudisha, sitadanganya mbele ya madhabahu. Kwa hiyo mlivyopitisha mwaka huu sheria ya jimbo kwamba kulipana kwa ajili ya kuletewa wateja wa namna hiyo ni jinai, sisi tulishangilia, manake mlango wa wizi huwa ni huo, mwizi wa Medicaid havunji dirisha, ananunua majina.

Na ule mswada wa ofisi huru ya mkaguzi mkuu, Seneti iliupitisha mwezi wa tano kwa kura 60 kwa 7, huko kwenu Bunge la chini haukumalizika. Tunajua vyama viwili mko 67 kwa 67 na bila kura 68 hakitoki kitu, lakini Mheshimiwa, 60 kwa 7 sio jambo la chama kimoja. Februari mkirudi bungeni Saint Paul uvuteni. Mkaguzi anayeripoti kwa bosi wa idara anayoikagua ni kama kumuuliza mpishi kama nyama imeiva.

Sasa nafika panapotuuma. Mwisho wa Oktoba Gavana Walz ametangaza huduma 14 za Medicaid zenye hatari kubwa ya wizi, madai yake yatapitiwa kwanza na kampuni ya nje kabla ya kulipwa na malipo yanaweza kukaa mpaka siku 90. Kupitia sawa, pitieni. Ila siku 90 ni nini? Kwa mwizi ni mapumziko, ameshaweka zake. Kwa dada yetu mmoja hapa ndani mwenye nyumba ya wazee wanne, siku 90 ni mishahara sita ya wafanyakazi watano, ni rehani ya nyumba, ni mboga, ni pampasi za watu wazima ambazo haziuzwi kwa mkopo. Akifunga, wale wazee wanne hawaendi mbinguni, wanapelekwa hospitali kukaa kitanda cha bei ghali kuliko chake, na mlipaji ni yule yule mlipa kodi unayemtetea. Ombi letu la kwanza basi liko hapa, andikeni kwenye sheria kwamba aliyekaguliwa akakutwa msafi analipwa ndani ya siku zinazojulikana, na asiwe anarudishwa foleni kila mwezi kama mgeni.

Tena muwafundishe wakaguzi tofauti ya wizi na kosa. Tunabonyeza kuingia na kutoka kazini kwenye simu, programu inasoma na mahali ulipo, sawa, sheria ya shirikisho hiyo na ina maana yake. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa anaishi besimenti. Network hamna. Nilikuwa namvisha, namlaza, namfunika, alafu napanda ngazi na kutoka nje kwenye theluji na slipa nikinyoosha simu juu kama naita mvua ili initoe kazini, wakati mwingine inagoma, shifti inaonekana haijaisha au haijaanza. Mwajiri niliyekuwa naye alinikata masaa hayo na wala hakunisikiliza. Mezani kwa mkaguzi hiyo shifti inafanana kabisa na shifti ya mtu ambaye hakwenda kazini. Ndo maana tunasema mtume watu wapige simu, wagonge mlango, wamuulize mgonjwa, wasisome kompyuta peke yake.

Kodi nitapita haraka kidogo manake naona Mama Mchungaji anaangalia saa. Tunalipa. Asilimia 5.35 ya kwanza ile hakuna hapa asiyeijua. Tunashukuru kwa ile nafuu ya mtoto ya 2023, dola 1,750 kwa kila mtoto, na kwamba hata anayetumia ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, anaipata, kwa mama wa watoto watatu ile ndo inanunua makoti ya baridi. Na hii likizo ya kulipwa ya kuumwa au kuuguza ndugu, inayoanza tarehe 1 Januari, asilimia 0.88 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wanagawana, tumepiga hesabu kwenye dola 1,000 unakatwa kama 4.40, hatulalamiki. Swali ni moja tu, mama yangu akilazwa Kisii au Mwanza na mimi ndo mtoto wake, cheti cha daktari wa kule mtakisoma? Naomba ulijibu leo leo ukishindwa utuandikie.

Matibabu. MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, ilizaliwa 1992, wabunge saba wa vyama viwili walikaa wakaelewana, wakatoza hospitali na kliniki kodi, leo ni asilimia 1.8. Hao ndo wabunge tunaowakumbuka. Mwezi wa sita mwaka huu mmeiondoa kwa watu wazima wasio na makaratasi, mwisho tarehe 31 Desemba, watoto wamebaki. Tunajua ilivyokuwa, bajeti ilikuwa inakwama, kura 68 kwa 65, na Mheshimiwa Melissa Hortman, kiongozi wa wabunge wa chama cha Democratic, peke yake upande wake akapiga ndio, akatoka anaongea na waandishi machozi yakimlenga. Siku tano baadae akauawa nyumbani kwake hapa Brooklyn Park pamoja na mumewe. Wapo humu waliokuwa wanakutana naye dukani. (Tukasimama kidogo hapa, dakika moja, hata watoto walinyamaza.)

Hatutaki kuisema kura yake. Tunachosema ni kwamba kuna mzee anasali nasi, ana sukari, insulini yake inalipwa mpaka mwezi ujao. Yeye hajaiba kitu. Wakati mwingine tunasikia kwenye mikutano hayo mambo mawili yanasemwa kwa pumzi moja, wizi na wasio na makaratasi, na tunakuomba wewe usifanye hivyo. Wakili, daktari, mzaliwa wa hapa hapa, wote wameshawahi kuiba Medicaid Marekani hii. Ukipata namna ya kurudisha hata insulini na dayalisisi tu, anzia hapo.

Mwaka jana Novemba watu wa upande huu walimchagua Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, akaingia kwenye Bunge lenu. Wengi humu ilikuwa mara yao ya kwanza kupiga kura tangu waapishwe uraia. Kwa hiyo usituhesabu kama wageni waalikwa, foleni tumeshaijua na kalamu tumeshaishika.

Ombi la mwisho mwenyekiti alilikataa mara mbili mimi nikalirudisha. Njoo ukae shifti moja na mmoja wetu, ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi, Jumapili. Hautafanya kitu, utakaa tu kwenye kiti cha pembeni, mgonjwa akikohoa utasikia. Chai tutaweka kwenye chupa, ya tangawizi, na simu yako uje nayo tuone kama besimenti itashika.

Tunaomba kuwasilisha.