Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani, Mkoa wa Arusha: Wa nyuma siye mkosaji kila mara

Afande,

Mimi ni fundi bodi, gereji yangu iko Unga Limited. Nilianza kunyoosha mabati wakati barabara ya Sakina kwenda Tengeru ikiwa nyembamba, mmoja anakwenda na mwingine anarudi. Sasa ni njia nne, kilomita kama 14, na waliotujengea tunawashukuru. Ila tangu ipanuliwe, majeraha ninayoletewa yamebadilika. Zamani nilikuwa napokea magari yaliyovaana uso kwa uso, mengine yanakuja yanaburutwa. Siku hizi napokea mbavu: fenda, milango, pembe za bampa, saiti mira zinazoning'inia kwa waya.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno manne ninayoyasikia kila wiki: "Aliyegonga nyuma ana kosa." Wanayasema makonda, wanayasema vijana wa bodaboda, ambao ajali ikitokea wanafika kabla yako na kutoa hukumu kabla vumbi halijatulia. Kwenye foleni, mtu akimparamia mwenzake aliyesimama, wako sahihi. Lakini kwenye barabara ya njia mbili upande mmoja, maneno hayo yamekuwa kichaka cha watu wanaochomekea, yaani wanaojiingiza ghafla mbele ya wenzao.

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mama mwalimu, aliniletea Vitz yake. Alikuwa anatoka Ngulelo kuja mjini, yuko njia ya kulia, mwendo wake wa kawaida. Njia ya kushoto kifodi, daladala ndogo, kikasimama ghafla kuchukua abiria. Nyuma ya kifodi kulikuwa na Noah. Dereva wa Noah hakutaka kusubiri. Akakata kulia bila indiketa, mbele ya yule mama. Paa! Watu wakajaa, wakamwambia mama, "Wewe ndiye uliyemgonga, mlipe mwenzako yaishe." Akalipa laki mbili palepale. Kisha akaja kwangu kulipia na gari lake mwenyewe, kwa kuwa ana bima ndogo, na bima ndogo hulipa hasara ya yule uliyemuumiza, haikutengenezei gari lako. Hapo alikuwa amepoteza mara mbili. Na ya tatu hakuijua: kukubali kosa na kulipana barabarani bila kuishirikisha kampuni ya bima kunaweza kukufungia mlango wa madai.

Sasa nikuoneshe nilichokiona mimi kwenye lile bati. Kama mama angekuwa amelala usingizi akamparamia Noah kwa nyuma, bampa yake ingebonyea katikati, na bodi la Noah hivyohivyo, mlango wa nyuma ungekunjika. Haikuwa hivyo. Vitz ilikuwa imeumia pembe ya mbele kushoto, taa ya kushoto, na fenda yake. Katikati ya bampa palikuwa safi, hata kibati cha namba hakijapinda. Picha ya Noah aliyoipiga mtoto wa yule mama ilionesha mkwaruzo ulioanzia juu ya tairi la nyuma la kulia ukaenda mbele hadi mlangoni. Gari lililo mbele yako kwenye njia yako huligongi ubavuni, Afande. Unaligonga ubavuni likiwa bado linaingia.

Halafu kuna hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa mjini, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtu mzima mwenye macho mazuri anahitaji kama sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu uguse breki. Ukichomekewa na gari lililo mita 5 mbele yako, tena limetoka kwenye mwendo wa kinyonga, umeshaligonga kabla mguu haujafika.

Sisemi bati linajua kila kitu. Dereva anayekwepa naye anaweza kuumia ubavuni, na wa nyuma aliyekuwa anakimbia kilomita 80 ana sehemu yake ya lawama hata kama amechomekewa. Shauri la fidia likifika mahakamani, lawama inaweza kugawanywa kwa kadiri ya uzembe wa kila mmoja. Ndiyo maana nasema pale barabarani tusigawe kwa kuangalia nani alikuwa nyuma tu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaadhibu kuendesha bila uangalifu na bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Mwenye kuhama njia ndiye anayetakiwa kuhakikisha anakohamia kuna nafasi: atazame kioo, awashe indiketa, ageuze shingo aone pale kioo kisipofika, ndipo aingie. Indiketa ni ombi. Watu wengi hapa mjini wanaiwasha kama amri, tena wakiwa wameshaingia.

Ninachoomba si kikubwa. Vijana wako wanaokuja kupima ajali waangalie kidonda kilipo kabla ya kusikiliza kelele: pembe gani imeumia, mkwaruzo umeanzia wapi, vioo vimemwagika njia ipi. Na mtutangazie waziwazi, redioni na stendi, kwamba dereva apige picha za magari yote mawili yakiwa palepale yalipogongana, na awaite ninyi, asihukumiwe na umati. Tochi za mwendokasi tunaziona, na sipingi. Lakini yule wa kuchomekea pale Sanawari, au kule Tengeru ukielekea Usa River ambako njia zinabanana na kila mtu anataka kuwa wa kwanza, sijawahi kumuona akiandikiwa faini. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikija mnatukagua breki, taa na matairi. Mtuulize pia tunahamaje njia. Mimi mwenyewe ukiniuliza miaka kumi iliyopita ningefeli. Nilikuwa naamini kioo tu, mpaka bodaboda mmoja aliponipigia kofi kwenye bati pale Kimandolu. Ni bahati yetu wote alipiga bati.

Yule mama simtafutii haki yake kupitia barua hii; hakuchukua hata namba ya Noah. Ila bampa ya ile Vitz sijaitupa. Nimeitundika ukutani, pembe ya kushoto imepasuka, katikati haina hata mkwaruzo. Ukiwa na askari wapya wa trafiki wanaojifunza kupima ajali, walete gereji asubuhi yoyote isipokuwa Jumapili. Nitawawekea na nyingine iliyogongwa nyuma kwelikweli, wazione zote mbili kwa pamoja.

Wako,
Fundi bodi, Unga Limited, Arusha