Wanaouguza wagonjwa nyumbani wakumbukwe pia

Mhariri, naomba nafasi niongelee watu wanaouguza wagonjwa wao nyumbani. Hapa Kayole kuna jirani yangu anamuuguza mamake mwenye kisukari, figo zilishafeli, mara mbili kwa wiki anamshika mkono wapande matatu waende kusafishwa damu, wakirudi mama hana nguvu hata ya kuongea na bado kuna kidonda cha mguu cha kuosha na kufunga bandeji. SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia mashine, sawa, lakini huyu dada aliacha kazi ya saluni na hakuna anayemuuliza amelala saa ngapi. Sheria ya Ajira ya 2007 ina likizo ya uzazi, ina siku 21 za kila mwaka, ya kuuguza mzazi haimo. Mi naona wale wahudumu wa afya ya jamii wakipita nyumba kwa nyumba wampime presha na yeye pia, wamfundishe kufunga kidonda vizuri. Na kama Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa pesa za kujikimu, inawapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, jameni, kwa nini anayeuguza asiingizwe humo?

Mkazi wa Kayole, Nairobi