Hakunigusa, lakini silali: je, nina kesi?

Kwa Mwanasheria wa safu hii,

Baada ya salamu na heshima, naomba unisomee hadi mwisho, kwa sababu nimebakiwa na wiki tatu tu za kuamua na sina wa kumuuliza ambaye hana upande katika jambo hili.

Naishi Uingereza, ambako ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwa zamu za usiku, na hadi miezi michache iliyopita nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba tuliyokaa watu wanne, mmoja wao akiwa kijana tunayetoka naye nchi moja. Tulikuwa tukigombana kuhusu mchango wa umeme. Asubuhi moja nilirudi kutoka zamu nikamkuta jikoni akipiga pasi shati lake, nami nikamkumbusha deni. Aliinyanyua pasi ikiwa bado imechomekwa kwenye umeme, akaisogeza hadi nikahisi joto lake shavuni, akasema polepole, kwa Kiswahili: "Isingekuwa mama mwenye nyumba yuko juu, ningekuchoma uso huu." Kisha akaishusha na kuendelea na kola ya shati lake kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilihama wiki iyo hiyo. Baada ya hapo simu zilianza, kwa namba iliyofichwa, kati ya saa nane na saa tisa usiku, katika zile siku ninazokuwa nyumbani kwa mapumziko. Anayepiga hasemi neno. Nasikia pumzi tu, na mara moja nilisikia kikohozi ambacho nakijua kwa kuwa niliishi ukuta mmoja na mwenye nacho. Nimeziandika zote katika daftari, tarehe na saa, na mpaka leo zimefika 31. Siku hizi siwezi kusimama karibu na pasi, na simu ya mgonjwa ikilia kazini mikono hunitetemeka. Daktari alinipeleka kwa mtaalamu, na mtaalamu huyo ameandika kwamba nina ugonjwa wa akili unaofuata tukio la kutisha, akanianzishia matibabu.

Wazee wa jumuiya yetu hapa walituita. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba, aliniambia, "Mwanangu, hakukugusa. Kesi ya nini?" Nadhani hata neno letu "shambulio" linachangia kumpotosha, kwa sababu mtu akilisikia anafikiria ngumi na damu. Nimejitahidi kusoma, nami nimeelewa kwamba sheria ya huku hailitazami jambo hivyo: kumpiga au kumgusa mtu isivyo halali ni kosa lake peke yake, na kumfanya mtu atarajie kwamba atapigwa papo hapo ni kosa jingine linalojitegemea, hata kama mkono haukumfikia. Yote mawili, yakiwa peke yake bila madhara, huhesabiwa kuwa shambulio la kawaida, ambalo kifungo chake hakizidi miezi 6.

Hata hivyo, nilipozidi kusoma nilikutana na kesi ya mwaka 1669 iliyonivunja moyo. Mtu alishika upanga wake akamwambia mwenzake kwamba kama majaji wasingekuwa mjini, asingevumilia maneno yake, na mahakama ikaona kwamba maneno hayo yenyewe yalionyesha hakuwa na nia ya kumpiga wakati ule. Nilisoma sentensi ile mara nyingi, kwa sababu ni kama vile mpangaji mwenzangu ameinakili: isingekuwa mama mwenye nyumba. Je, neno hilo moja la "isingekuwa" linamsafisha, ilhali pasi ilikuwa na moto na ilikuwa karibu na ngozi yangu? Au mahakama itautazama mkono wake pamoja na ulimi wake?

Kuhusu simu nina matumaini zaidi. Mwaka 1997 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hii wakati huo, liliamua katika kesi ya mtu aitwaye Ireland, aliyewapigia simu wanawake watatu mara kwa mara na kunyamaza, kwamba hata ukimya unaweza kuwa shambulio, ikiwa anayepokea simu anaogopa kwamba mpigaji anaweza kumfikia wakati wowote. Wanawake wale walipata maradhi ya akili, na Malodi wakakubali kwamba maradhi ya akili yanayotambuliwa na madaktari ni madhara ya mwili, ingawa hofu na huzuni za kawaida hazitoshi. Ndipo nikaelewa kwa nini barua ya mtaalamu wangu ina uzito. Shambulio lenye kusababisha madhara liko katika kifungu cha 47 cha Sheria ya Makosa Dhidi ya Mtu ya mwaka 1861, adhabu yake inafika miaka 5, na halibanwi na muda wa miezi 6 ambao shambulio la kawaida lisipofunguliwa mashtaka ndani yake linakufa. Nimesoma pia kwamba muda huo umeongezwa kwa ukatili wa kifamilia, lakini huyu si mume wangu wala ndugu yangu. Tukio la pasi litatimiza miezi 6 wiki tatu zijazo.

Sasa wazee wanataka sulhu. Kijana aombe radhi mbele yao, nami nitie sahihi karatasi kwamba yamekwisha. Mama yake na mama yangu wanasali pamoja nyumbani, na nimeambiwa kwamba akitiwa hatiani kibali chake cha kuishi huku kinaweza kupotea. Sitaki kumharibia maisha. Ninachotaka ni simu zikome, na akiri kwamba alichokifanya kina jina. Najua pia kwamba nikishafika polisi uamuzi wa kumshtaki utakuwa wa waendesha mashtaka wa Serikali, na siwezi kuifuta kesi kwa kuwa nimemsamehe.

Kwa hiyo naomba uniambie: nikitia sahihi karatasi ya wazee leo, kisha simu ya 32 ikaja, je, karatasi hiyo itatumiwa kunionyesha kuwa mwongo? Je, niende polisi na daftari langu na barua ya mtaalamu kabla ya wiki hizi tatu kuisha, halafu ndiyo nirudi kwa wazee kuzungumza? Na kikohozi nilichokisikia mara moja tu, pasipo shahidi mwingine, kinaweza kubeba chochote mbele ya hakimu?

Ni mimi msomaji wako,
Mhudumu wa wazee, Uingereza