Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Afisa Elimu: riwaya za vijana zirudi maktaba

Mheshimiwa,

YAH: RIWAYA ZILIZOONDOLEWA MAKTABA YA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakusalimu na kukutakia afya njema, maana najua majukumu ni mengi. Ningependelea kukuandikia kwa njia ya kawaida, kupitia kwa mkuu wa shule, nakala kwa huyu na yule. Barua za namna hiyo nimeshaandika. Zote zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikalala usingizi wa pono. Hii nimeiacha wazi, aisome atakaye, pengine ikipita mikononi mwa wengi itakufikia na wewe.

Juma lililopita, wanafunzi wakiwa kwenye mitihani, watu wawili kutoka ofisini kwako waliingia maktaba na maboksi matupu. Walikuwa na barua fupi: viondolewe vitabu vya hadithi vinavyowafundisha wanafunzi kutafuta umaarufu badala ya elimu. Orodha ya vitabu haikuwepo, kwa hiyo walichagua kwa majalada. Jalada lenye msichana aliyesimama kando huku wenzake wamempa mgongo, boksini. Jalada lenye vijana wanaocheka kwenye korido, boksini. Kimoja tu ndicho walichokigeuza wakasoma maelezo ya nyuma. Mmoja akaguna, akamwonyesha mwenzake, wakacheka, nacho kikaingia. Kwenye hati ya makabidhiano wakaandika "karatasi mbalimbali, maboksi manne". Sasa hizo karatasi mbalimbali ziko kwenye stoo ya ofisi yako, pamoja na viti vilivyovunjika na mabango ya sherehe zilizopita.

Nikukumbushe, kwa heshima zote, siku ulipokuja kuifungua maktaba hiyo. Ulikata utepe, ukapigwa picha umeshika kitabu (kilikuwa kichwa chini, lakini hilo tuliache), ukatangaza mbele ya wazazi kwamba rafu moja itakuwa ya wanafunzi wenyewe, wasome wanachokipenda, na kwamba ofisi yako itaijaza. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Ofisi haikuijaza, nikaijaza mimi. Vitabu vingine nilivinunua kutoka kwenye mshahara, vingine niliviomba kwa watu waliokuwa wanahama nyumba. Vilivyochanika nilivishughulikia usiku mezani kwa gundi na uzi, mpaka mke wangu akaniuliza kama siku hizi nashona viatu. Macho yangu si ya kijana tena. Walimu wenzangu wananitania kwamba nimejiajiri kwenye kazi isiyo na posho, nami nacheka nao, kwa sababu nikiacha kucheka nitalazimika kuwajibu.

Nimejaribu kuelewa chanzo cha amri yako. Wapo wanaosema mzazi mmoja alimfuma binti yake anasoma chini ya shuka habari za msichana anayetaka kukubaliwa na mastaa wa shule, akaamua kwamba tamaa hiyo imeletwa na kitabu. Wengine wanasema matokeo ya mitihani yalishuka na ikabidi apatikane wa kubebeshwa lawama, na vitabu havina wa kuvisemea. Mimi ninahisi kuna mtu ameupenda ukumbi wetu wa maktaba, una madirisha mazuri. Ushahidi sina.

Tuseme ni mzazi. Basi nimjibu kupitia kwako. Riwaya hizi zina njia yake inayojulikana. Mtoto anahamia shule mpya, au anarudi kutoka likizo na kukuta rafiki yake wa tangu utotoni amehamia meza nyingine bwaloni. Anatamani kukaa na wanaotamba. Anajifunza wanavyocheka, wanavyovaa, nani wa kusengenywa na nani haguswi. Anapanda. Ili abaki juu anatakiwa amtoe mtu kafara, na anayetolewa mara nyingi ni yule yule rafiki wa zamani. Hapo ndipo hadithi inapoanza hasa, Mheshimiwa, na hapo huwezi kupaona kwenye jalada. Mwandishi hodari hamwachi mhusika wake apite bila kulipa. Anamkalisha kwenye meza aliyoitamani sana, akiwa anaogopa kila anayeinuka kwenda msalani, kwa sababu ameshajua kinachosemwa juu ya mtu akiondoka. Sijui mahubiri gani ya paredi ya asubuhi yamewahi kumfikishia mtoto jambo hilo. Yangu hayajawahi.

Za hovyo zipo, sikatai. Ile ya msichana anayevua miwani, anafumua nywele, ghafla shule nzima inamwona mrembo na matatizo yote yameisha, hata mimi siwezi kuitetea. Mbili tatu za aina hiyo zimo kwenye maboksi yako. Hizo ukizisahau huko stoo sitafuatilia sana. (Natania. Zirudi zote.)

Lakini kwani umaarufu uliletwa shuleni na riwaya? Mwaka 1961 mwanasosholojia wa Marekani, James Coleman, alichapisha utafiti wake kuhusu shule 10 za sekondari katika jimbo la Illinois. Wavulana waliulizwa wangependa shule iwakumbuke kwa lipi, na wengi walitaja unyota wa michezo kuliko uhodari darasani. Wasichana nao uhodari wa darasani hawakuutanguliza, walitaka zaidi kuwa viongozi wa shughuli za shule au kupendwa na wengi. Miaka 6 baadaye, 1967, ndipo ilipotoka The Outsiders ya S. E. Hinton, riwaya ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa riwaya za vijana za kisasa. Hinton alianza kuiandika akiwa na miaka 15, mwanafunzi, akiyatazama makundi ya wenye nacho na wasio nacho shuleni kwake. Ugonjwa ulikuwepo darasani kabla ya kitabu, na aliyeuandika alikuwa ndani ya darasa hilo hilo.

Na sisi watu wazima tusijifanye wageni. Ni sisi tunaobandika matokeo ubaoni kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ni sisi tunaoteua kaka mkuu na dada mkuu, tukawaita jukwaani wale wale kila sherehe. Wewe mwenyewe uliwapa mkono. Kisha tunashangaa watoto wakijipanga kwa madaraja hata kwenye foleni ya maji.

Wanasaikolojia wanaochunguza vijana wamegundua kwamba kupendwa na kuwa maarufu ni vitu viwili tofauti. Waulize wanafunzi wanampenda nani, kisha waulize nani maarufu, majina mengi hayatalingana. Baadhi ya walio maarufu wanalinda nafasi zao kwa uvumi na kwa kutenga wenzao, na darasa linawacheka nao huku linawaogopa. Mtoto wa miaka 14 hasomi majarida ya saikolojia. Riwaya anaisoma, tena chini ya shuka.

Kuna msichana aliyekuwa akija maktaba kila mapumziko. Hakuja kwa kupenda vitabu, hakuwa na pa kukaa. Alikuwa anafungua kitabu chochote na kuutazama mlango, asije akaingia mtu akamwona yuko peke yake. Baadaye nikaona ameacha kuutazama mlango. Kitabu alichokirudisha kilikuwa na ukurasa uliokunjika, pale mhusika anaposimama na sahani mkononi akitafuta kiti, na pembeni mwa mistari ameandika kwa penseli, herufi ndogo sana: "hivi hivi". Kanuni ya maktaba inataka nifute. Niliacha. Muhula uliofuata, chini yake, mkono mwingine ukaongeza: "kwangu pia". Watoto hao wawili hawajuani. Kitabu hicho kimo kwenye boksi la tatu.

Juzi msichana huyo alisimama mbele ya rafu tupu akaniuliza vinarudi lini. Nikamwambia tunamsubiri Mheshimiwa. Jana akauliza tena. Mheshimiwa, wewe unaulizwa na wakubwa wako, wanaoulizia takwimu. Mimi ninaulizwa na huyu, na sina pa kujificha.

Sitaki kukufundisha kazi, lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 13, unampa mtoto haki ya kutafuta na kupokea habari na mawazo ya kila aina, na kifungu cha 17 unazitaka nchi zihimize utungaji na usambazaji wa vitabu vya watoto. Nakala yake iko mapokezi ofisini kwako, ndani ya fremu. Nimeisoma yote, kwa muda nilioketi pale nikisubiri uniite.

Ombi langu sasa. Naomba vitabu virudi. Naomba iundwe kamati ya walimu, wazazi na wanafunzi, kitabu kisomwe mpaka mwisho kabla ya kuondolewa. Naomba rafu uliyoahidi ijazwe na ofisi, kama ulivyotamka. Au basi, kamati tuiache, kamati zetu tunazijua. Kuijaza rafu nako tuache, nitaendelea mwenyewe. Kuombwa radhi sikuombi. Gari la kuvirudisha sikuombi. Vitabu virudi, Mheshimiwa, hata kama ni kimya kimya, hata kama ofisi itasema havikuwahi kuondoka, sitabisha. Nipatie mtu wa kufungua stoo. Siku yoyote ya kazi, saa yoyote, nitakuja na vijana wa kubeba. Mtu wa kufungua stoo tu.

Wako mtiifu, mpaka sasa,

Mwalimu wa maktaba